Fundi Betri na Asidi ya Mwilini

Siku niliyomkuta Othmani akikamulia fulana yake yenye jasho ndani ya kikombe cha chai, nilikasirika kabla hata sijamhurumia. Mimi hasira hunitangulia, ndivyo nilivyozaliwa. Kikombe chenyewe kilikuwa cha mke wake, kile chenye maua mekundu cha kupokelea wageni, na mkono wake mwingine ulishika pezaside, kibomba cha kioo chenye boya ndani ambacho mafundi betri hupimia ukali wa asidi.

"Baba Raissa, unafanya nini?"

"Minapima."

"Unapima nini?"

"Jasho. Minataka kujua aside iko kiasi gani ndani."

Usimcheke bado. Ngoja kwanza nikueleze mtu huyu ni nani, maana si mjinga hata kidogo, na siku ile alikuwa na sababu zake.

Othmani ni mzaliwa wa Giteranyi, kaskazini kule upande wa Muyinga. Yeye na kaka yake Shafii walianza maisha kwa baiskeli. Walipakia ndizi na maharage, wakasukuma milima mpaka Muyinga mjini, jioni wakarudi wakiimba. Kwa sura hawakufanana. Shafii alikuwa mrefu, mwembamba. Othmani ni mfupi mwenye shingo nene. Lakini sauti yao ilikuwa moja. Ukifumba macho hujui nani anaongea. Mama yao mwenyewe aliwahi kumgombeza mmoja kwa maneno aliyoyasema mwingine, na mpaka anaingia kaburini hakukubali kwamba alikosea.

Baadaye Othmani alihamia Gitega, akajifunza kazi ya betri, akamwoa Zaituni, akafungua kibanda karibu na soko, ubavuni mwa meza yangu. Mimi ni Marceline, Mama Fiston kwa majirani, mtu wa Uvira, nauza ndagala wakavu. Kati ya harufu ya samaki wangu na harufu ya asidi yake, wateja wetu hununua haraka na kuondoka. Tumegombana miaka mingi, na hakuna kati yetu aliyewahi kuhamisha meza.

Kazi ya betri ni nzuri, ila ni ya kukaa. Anakaa kwenye kigoda tangu asubuhi, anafungua vifuniko, anaongeza maji, anapima, anachaji. Jioni anapanda pikipiki mpaka nyumbani, ambako hata kuku angefika kwa miguu. Yule kijana wa kusukuma mizigo mlimani akageuka mtu wa kigoda. Na nguo zake zote zina matundu, maana asidi haina adabu. Tone likigusa pamba, leo huoni kitu. Nguo ikishafuliwa unaona dirisha.

Shafii alibaki Giteranyi na shamba lake. Kila Ijumaa baada ya swala walipigiana simu, na mimi pale mezani nilisikia sauti ile ile ikijiuliza habari na kujijibu. Mwaka jana Shafii akaanguka shambani, akafa siku hiyo hiyo. Othmani alikwenda kuzika, akarudi, akanyamaza.

Sisemi alipunguza maneno. Alinyamaza. Mteja akiuliza bei, anaonyesha vidole. Nikimchokoza, ananiangalia tu. Zaituni alikuwa akija mezani kwangu na kulia: mume halali usiku, mchana hataki kuamka, chakula anakigusa kwa ncha ya vidole. Niliumia sana, sitaficha. Nilikuwa nimekosa mtu wa kugombana naye, na soko lilianza kunichosha.

Na kulikuwa na jambo lililokuwa likimsubiri. Riziki, binti wa marehemu, alikuwa amechumbiwa na Mustafa, kijana anayefanya biashara ya maharage mpakani. Riziki hana kaka na babu hana tena, kwa hiyo kwa sheria ya dini yao walii wake ni Othmani, baba mdogo. Ndiye wa kumwomba idhini, ndiye wa kumwozesha. Harusi ilipangwa baada ya Idi. Siku ya safari Othmani hakutoka kitandani. Ikapangwa tena. Safari hii alifika mpaka kwenye kituo cha magari, akageuka. Shehe akasema hakuna taabu, amtume wakili aozeshe kwa niaba yake. Riziki alipopigiwa simu akasema wakili hamtaki, atamsubiri baba mdogo hata aote mvi kichwani. Lakini watu wa Mustafa nao ni binadamu. Walituma salamu za heshima, na ndani ya salamu hizo mlikuwa na neno: wakicheleweshwa mara nyingine, kijana wao ataoa kwingine.

Siku hiyo Zaituni alimbana mume wake mpaka akatoa maneno. Alikuja kunieleza huku ameshika mdomo.

"Mama Fiston, unajua amesema nini? Amesema, 'Nikifungua mudomo kule, batamusikia Shafii. Mi mwenyewe minamusikia.'"

Tulisimama pale mimi na yeye, mteja ananiita, simsikii. Kumbe mtu alikuwa anaikimbia sauti yake mwenyewe.

Aliyetafuta dawa ni Raissa, binti yao, anayesomea ualimu wa michezo hapa hapa Gitega. Unajua miji yetu: Jumapili alfajiri watu hukimbia makundi makundi, mmoja anaita mbele, wengine wanaitikia, na miguu inapiga barabara kwa pamoja mpaka waliolala wanalaani. Raissa ana kundi lake. Akamwambia baba yake kwamba anaogopa mbwa wa njiani, amsindikize. Kisha akaja kwangu.

"Mama Fiston, na we ukuje."

"Mimi? Na mwili huu?"

"Mwili huo njo minataka. Papa akiona mutu iko nyuma yake, hatasikia haya."

Nilielewa vizuri kwamba huyo wa nyuma ni mimi. Nilimtukana kwa Kirundi na kwa Kifaransa, halafu nikaenda.

Jumapili ya kwanza Othmani alitembea tu, mikono nyuma kama mtu anayekagua shamba. Ya pili akajaribu kukimbia, akahema, akasimama. Mwitaji wetu ni Kastori, seremala mwenye kifua cha pipa. Tukiukaribia mpando wa Magarama, Kastori hupiga kelele, "Mulima!" na sisi tunajibu, "Tunaupanda!" Anauliza, "Na kesho?" Tunajibu, "Tutarudi!" Mimi nilikuwa nikijibu nusu ya neno, nusu nyingine nikaimeza pamoja na vumbi. Jumapili moja, ubavuni kwangu, nikasikia mtu akiitikia neno zima. Ni Othmani. Sauti yake ilikuwa imezama katikati ya sauti za watu wengine, hakuna wa kuitambua, hata yeye mwenyewe. Sikugeuka kumtazama, nisije nikamtisha.

Tangu hapo mambo yakaanza kunyooka. Akala. Akalala usiku. Akaacha pikipiki, akawa anatembea kwenda kazini. Siku moja akaniambia mbele ya wateja kwamba ndagala zangu zinanuka kuliko asidi yake, nami nikamjibu vibaya sana, kisha nikajificha nyuma ya gunia nikafuta machozi. Zaituni akatuma ujumbe Giteranyi kwamba wapange siku. Riziki akajibu kwa vigelegele, nilivisikia kwenye simu.

Halafu likaja neno moja likaharibu kila kitu.

Tulikuwa kwao baada ya kukimbia, tunakunywa chai. Raissa alikuwa amefurahi, na msomi akifurahi lazima afundishe.

"Papa, unajua nini inafanyika mu mwili? Ukikimbia, aside amine mu damu inabadilika. Ingine inaenda mu misuli, ingine inaingia mpaka mu ubongo."

"Aside?"

"Ee, papa. Aside amine."

Hapo simu yake ikalia, akatoka nje kuongea, na akasahau alikofikia. Othmani akaweka kikombe chini taratibu. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na huyu amefanya kazi na asidi maisha yake yote. Ameiona ikila suruali, ikila ngozi, ikila sakafu ya saruji. Sasa mtoto wake mwenyewe, tena aliyesoma, anamwambia inapanda ubongoni. Hakuuliza zaidi. Kuuliza si ujinga, lakini mwanamume wa Giteranyi atakufa na swali lake mfukoni.

Jumapili iliyofuata hakuja. Alimwambia mke wake mguu unamuuma. Kumbe alikuwa ameitazama fulana ya kundi, ile ya pamba nyeupe tuliyopewa sote, ambayo hajawahi kuivaa kibandani hata siku moja. Akaona kifuani ina vitundu vidogo vyenye kingo za manjano, vile vile anavyovijua. Kwake hilo lilikuwa ushahidi uliokamilika. Asidi ilikuwa inatoka ndani.

Akaanza tena kujibu wateja kwa vidole. Na safari ya Giteranyi ilikuwa imebakiza wiki moja.

Ndipo siku hiyo ya kikombe, kibandani kwake. Alikuwa amekimbia peke yake, alfajiri, kwa siri, ili apate jasho la kupima. Sasa hebu fikiri: mtu anaamini kukimbia kutamuua, bado anakimbia ili ajue kwa uhakika. Ujasiri huo sijui niuite nini.

"Haielei," aliniambia kwa huzuni, akiinua pezaside. "Jasho ni kidogo."

"Na hiyo aside imekuingia kwa njia gani, Baba Raissa? Uliikunywa?"

"Raissa njo alisema. Iko mu damu. Inapanda mu ubongo." Akanionyesha fulana. "Angalia we mwenyewe. Iyi sivalake kazini. Nani ameitoboa?"

Nikaangalia. Kweli vilikuwa vitundu vya asidi, hata mimi navijua. Nikarudi nyuma hatua moja, maana na mimi nilikuwa nimekimbia Jumapili zote zile. Nikajipapasa kichwa. Kisha nikapiga simu, nikamwita Zaituni na binti yake, na niliwaita kwa sauti iliyofanya soko lote lidhani kuna moto.

Walifika wakihema. Zaituni akaichukua ile fulana, akaigeuza, akaitazama kwenye mwanga.

"Iyi? Si niliilowesha pamoja na pantalo yako ya kazi yenye aside! Nilikosa beseni ingine. Nilikuwa naogopa kukuambia."

Othmani akamtazama mke wake, akaitazama fulana, akatazama kikombe cha maua.

"Mu beseni moja?"

"Mu beseni moja, usiku muzima."

Mimi ndiye niliyeanza kucheka. Nilicheka mpaka nikakalia gunia. Zaituni akafuata, halafu Raissa, lakini Othmani bado alikuwa ameshikilia lake.

"Sawa, fulana ni beseni. Na ubongo? Raissa, ulisema ama haukusema?"

Raissa akaacha kucheka. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba baba yake alikuwa ameogopa kweli, na kwamba neno lake mwenyewe ndilo lililomrudisha kitandani. Akaja mezani kwangu, akachukua ndagala mmoja, akamweka kiganjani mwa baba yake.

"Papa, iyi njo aside amine."

"Iyi ni ndagala."

"Ukikula ndagala, ama maharage, tumbo linaivunja vipande vidogo-vidogo. Ile vipande njo banaita aside amine. Ni jina tu ya wazungu. Ya betri inatoboa, iyi inajenga. Bila hiyo hauna nyama, hauna damu, hauna hata huo ubongo."

"Kumbe ni samaki wangu mwanaume anaogopa!" nikasema. "Miaka yote nauza asidi bila kujua."

Raissa hakunijali. Alikaa chini kwenye kigoda cha baba yake na kumweleza polepole, bila vitabu safari hii. Vile vipande, alisema, husafiri ndani ya damu, na vingi vinagombea mlango mmoja mwembamba wa kuingilia ubongoni, kama watu kwenye lango la soko siku ya gulio. Ukikimbia kwa muda mrefu, misuli huwa na njaa, inavivuta baadhi yake njiani na kuvitumia. Mlangoni panapungua msongamano. Basi kipande kimoja kinachoitwa triptofani, ambacho hapo kabla kilikuwa kinasukumwa nyuma, kinapata nafasi ya kupita, na ubongo unakigeuza kuwa serotonini. Hiyo inahusika na usingizi na utulivu, na pia na ule uchovu unaomkuta mtu mwishoni mwa mbio. Halafu kuna uchafu unaotokana na triptofani hiyo hiyo, ambao ukizidi ubongoni unahusishwa na huzuni. Misuli iliyozoea mazoezi inaukamata na kuugeuza kuwa kitu kisichoweza kupita ule mlango.

Othmani alisikiliza akimgeuzageuza ndagala.

"Donc, basi, ni kama betri. Ukiiacha bila kutumika, inakufa."

"Papa, acha betri kidogo. Betri njo imetuletea shida."

Akatabasamu. Sikuwa nimeyaona meno yake kwa siku nyingi. Kisha akauliza swali jingine.

"Na Shafii? Hiyo mbio itamutoa mu kichwa?"

Raissa alifikiri. Nampenda mtoto huyu kwa sababu hakudanganya.

"Oya, papa, haitamutoa. Kufiwa siyo ugonjwa ya damu. Shafii atabaki. Lakini mwili ukitembea, ubongo unapata nguvu ya kumubeba. Na hata bataalamu bangali banatafuta, bado habajajua yote."

"Na kuitikia na batu, hiyo nayo ni aside?"

"Hiyo sijui, papa. Lakini nayo inasaidia."

Othmani akamtia yule ndagala mdomoni, akamtafuna mkavu hivyo hivyo, na hajanilipa mpaka leo. Jumapili alikuwa mbele yangu kwenye mpando wa Magarama. Jumatatu tulisafiri.

Nami nilikwenda, nani angenizuia? Nilibeba ndagala wa karamu. Tulifika Muyinga jioni, tukalala kwa jamaa zao, asubuhi tukachukua pikipiki kuelekea Giteranyi. Njia nzima Zaituni alikuwa akigeuka kila mara kumtazama Othmani, kuona kama hajashuka akarudi. Tulipofika chini ya mlima wa mwisho, akampiga dereva wake begani. Pikipiki ikasimama. Zaituni alifumba macho.

"Mi minashuka hapa," Othmani alisema. "Mulima huu tulikuwa tunaupanda na Shafii tukisukuma baiskeli. Sitaupanda nimekaa."

Akaikunja kanzu yake, akaishika mkononi, akaanza kupanda. Mwanzo alitembea. Halafu hatua zikawa nyepesi, akawa anakimbia kidogo kidogo katikati ya migomba, na sisi tunamfuata nyuma kwa pikipiki zilizopunguza mwendo. Katikati ya mlima akasimama kuvuta pumzi. Hapakuwa na Kastori pale, wala kundi. Akainua kichwa, akaita mwenyewe, kwa sauti yote aliyokuwa nayo.

"Mulima!"

Sauti ile ikaenda mpaka ng'ambo ya bonde. Mwanamke mmoja aliyekuwa akilima akaachia jembe, akageuka, akabaki amesimama. Bila shaka alikuwa anaijua sauti ile. Othmani alimwona, na nilimwogopea. Lakini aliendelea kumtazama yule mama, akampungia mkono.

"Tunaupanda!" nikaitika mimi kutoka kwenye pikipiki. Dereva naye akaitika, ingawa hakujua tunaimba nini.

Nyumbani kwa marehemu kulikuwa kumejaa. Wanaume walikaa nje na shehe na watu wa Mustafa, ambao nyuso zao zilikuwa za heshima lakini bado zina mashaka. Mimi, ingawa ni Mkristo, nilikaribishwa ndani na wanawake, kwenye chumba alichokuwa Riziki amefunikwa mtandio. Othmani alioga, akavaa kanzu, akaingia na mashahidi wawili. Alisimama mbele ya binti wa kaka yake.

"Riziki binti Shafii," akasema, "Mustafa anakuomba kwa mahari mliyokubaliana. Unanipa idhini nikuozeshe?"

Mama yake Riziki aliinamia magoti yake. Wanawake waliokuwa wakinong'ona waliacha. Ilikuwa sauti ya Shafii, yote, hakuna kilichopungua, ikimwita mtoto wake kwa jina.

Riziki hakujibu. Tulisubiri. Shahidi mmoja akakohoa. Mimi nikaanza kuogopa kwamba sasa ni zamu ya binti kukataa.

"Riziki," Othmani akasema kwa upole, "umesikia?"

"Nimesikia, baba mudogo."

"Sasa mbona haujibu?"

Akaufunua mtandio kidogo. Macho yalikuwa yamejaa maji, na alikuwa anacheka.

"Nikijibu, utatoka nje. Sema tena."

Othmani akaketi kwenye mkeka, karibu naye, akavuta pumzi, akalisema tena neno lote, polepole, tangu mwanzo.